Sanamu Haipigi Magoti

Kwa wale mlionisimamisha njiani wiki nzima mkitaka kujua kama sanamu ilianguka kweli au nilikuwa nawatia presha tu: ilianguka.

Kichwa kilibingirika hadi chini ya meza ya soda. Kifua kilitawanyika sakafuni. Mkono mmoja ulibaki umeshika mkuki, kana kwamba haujapata habari. Na Opio, aliyesababisha yote, alisema, "Pole."

Kama hukuwa nasi wiki iliyopita, shika haya machache twende. Nakitto ni msichana wa mwaka wa mwisho wa uchongaji katika chuo kimoja cha sanaa hapa Kampala. Mwaka mzima amekuwa akimjenga kwa plasta marehemu baba yake, Kaddu, dereva wa lori. Alimsimamisha juu ya sanduku la mbao, katikati ya mlango wa nyumba yake mwenyewe ya Mpigi. Mlango ndio ule ule, uling'olewa na fremu yake na bawaba zake ukaletwa mjini kwa pikapu. Mkononi alimpa mkuki. Begani akamvika nguo ya gome la mtuba, ile iliyokuwa imewekwa kabatini ikimngoja mrithi, maana Kaddu alikufa mwaka jana na ukoo haujamsimamisha mtu mahali pake. Shughuli hiyo ni kesho.

Nguo Nakitto alipewa na mama yake. Ukoo haukuulizwa.

Opio naye alikuwa anamvuta kwa kamba mamba wake wa minyororo ya baiskeli, kazi ambayo anasema ilitokana na mama mwenye nyumba aliyempangisha. Mkia wa mamba ukampitia Kaddu miguuni. Hapo ndipo nilipokuacha.

"Watahini wako wapi?" Nakitto aliuliza, bado ameinama juu ya vipande.

"Kwa Atuhaire," Opio alijibu.

Atuhaire alikuwa chumba cha jirani na picha zake za rangi, zote za kisogo cha mpenzi wake wa zamani. Ukuta ulikuwa mwembamba. Walimsikia mtahini wa nje, Profesa Gakuru kutoka Nairobi, akiuliza kwa nini kisogo tu.

"Ndiyo sehemu niliyoiona zaidi, Profesa."

Ikasikika kalamu ikiandika.

Sheria ya chuo ni fupi. Kazi isiyosimama watahini wanapoingia haina alama. Nakitto alisharudia mwaka mmoja kwa ugonjwa, na chuo hakimrudishi mtu mara mbili. Asipopata alama leo, anarudi Mpigi hana shahada, na miaka yake yote ya plasta imekwenda na maji.

Mwalimu Mulindwa, anayefundisha uchongaji, aliingia akitafuna karanga. Alitazama sakafu, akameza kwanza, ndipo akasema.

"Huyu ndiye Kaddu?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Amepungua."

"Opio kamwangusha!"

"Mkia ndio uliomwangusha," alisema Opio. "Mimi nilikuwa huku mbele."

"Gundi je?" Mulindwa aliuliza.

"Inakauka kesho."

"Kesho utakuwa unauza nyanya." Mwalimu alizunguka lile sanduku. "Hebu tuhesabu hasara kama watu wazima. Sanduku zima. Mlango mzima. Mkuki mzima. Nguo nzima. Kilichovunjika ni mtu tu."

"Si ndiyo kazi yenyewe, Mwalimu!"

"Mtu anapatikana. Ulimpima kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe. Tulikuwa tunalingana urefu."

"Panda."

Nakitto alidhani ni utani. Mwalimu akajirushia karanga nyingine mdomoni na kumwonyesha sanduku kwa kidevu. Kutoka chumba cha jirani viti vilisikika vikisogezwa. Nakitto akauchomoa mkuki kwenye mkono wa plasta, akapanda nao.

Sasa ikaja shida ya nguo. Nguo ya gome si khanga. Ni nzito, ina ukaidi, na aliyevaa hawezi kujifunga mwenyewe begani. Nakitto alijaribu, ikamponyoka. Mulindwa alijaribu, akafunga kitu kama tai. Opio alijitolea kujaribu, akafukuzwa.

Hapo mlango wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia Shangazi Yayeri.

Shangazi Yayeri ni dada yake Kaddu, anaishi Nateete. Alikuwa amevaa gomesi ya sherehe na mkononi ana mfuko wa ndizi za kuchoma. Amealikwa kuona kazi ya mtoto wa kaka yake, na tangu Jumatatu amekuwa akiwatangazia majirani kwamba Ijumaa anakwenda kumwona kaka yake. Alisimama katikati ya chumba akitafuta.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Chini ya meza ya soda," Opio alisema.

Mulindwa alimkanyaga mguu, lakini Shangazi hakuwa amesikia. Alikuwa anatazama lile fundo.

"Wewe Nakitto! Nani kakufunga hivi? Umekuwa mzigo wa kuni?"

"Shangazi, tafadhali, wanakuja sasa hivi."

"Shika mfuko," Shangazi alimwambia Mwalimu wa chuo, naye akashika.

Katika ukoo ule, mtu akiachiwa urithi, anayemfunga nguo ya gome ni Yayeri. Amefunga wengi, wengine leo hii ni wazee wenye vitambi. Alipanda juu ya kiti, akaivuta pembe ya nguo ikapita begani, akaisokota, akakaza. Mikono ilikuwa inajua kazi yake. Na mdomo, ambao kwa miaka mingi umezoea kuifuata mikono, ukasema wenyewe:

"Nimekuvika. Simama mahali pake."

Akashuka kwenye kiti. Na magoti, ambayo yamezoea kuufuata mdomo, yakaenda chini. Shangazi Yayeri akapiga magoti mbele ya sanduku, akaunganisha viganja vyake.

"Karibu nyumbani, kaka."

Shangazi hampigii magoti mtoto wa kaka yake. Humpigia kaka yake.

"Shangazi, inuka! Hii ni kazi ya shule!"

"Najua ni kazi ya shule," Shangazi alisema, hajainuka. "Magoti ndiyo hayajui." Kisha akaanza kulia waziwazi, bila kutafuta leso. "Umefanana naye hapo mlangoni mpaka nimekasirika."

"Wamefika!" Opio alibana sauti.

Profesa Gakuru aliingia na kalamu mkononi, nyuma yake wanafunzi wanaopenda kuona wenzao wakiulizwa. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Alimtazama Nakitto juu ya sanduku, akamtazama Shangazi sakafuni, akavitazama vipande ambavyo Opio alikuwa anavisukuma kwa mguu kuelekea kwa mamba wake.

"Niliambiwa ni sanamu ya plasta."

"Mwanafunzi amebadili malighafi," Mulindwa alisema. "Msanii huwa na mwanga wa ghafla."

"Ghafla kiasi gani?"

"Sana."

Profesa alimkaribia Nakitto. "Umejiandikisha uchongaji au maigizo?"

"Uchongaji," alisema Nakitto.

"Sawa, tuelewane. Nikishaanza kuandika, wewe ni sanamu. Sanamu haisemi, haicheki, haishuki. Ukifanya lolote kati ya hayo, hii ni kazi ya maigizo, na maigizo wako jengo lile la pili. Sitakuwa na alama ya kukupa. Umenisikia?"

Nakitto alifungua mdomo, akaufunga.

"Vizuri," alisema Profesa. "Chimbuko la kazi hii ni nini?"

Swali lilikuwa limeelekezwa kwa sanamu. Sanamu ilitazama ukuta.

"Umefaulu hapo," Profesa alisema akiandika. "Mwalimu?"

Mulindwa alikohoa. "Kazi hii, Profesa, inahoji nafasi. Inaihoji nafasi katika... nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya mlango."

"Chimbuko lake ni kaka yangu," Shangazi alisema kutoka sakafuni. "Alikuwa anaendesha lori. Akirudi safari hakuwa anapiga hodi. Anasimama mlangoni hapo, ametulia, mpaka mtu ageuke amwone. Siku nyingine tulikuwa tunamaliza kula yeye amesimama tu. Huyu mtoto ndiye aliyekuwa anamwona wa kwanza."

Profesa aliacha kuandika, akamtazama. Kisha akaandika tena, safari hii kwa muda mrefu. Nakitto juu ya sanduku alikuwa anapigana na machozi, maana sanamu ikitokwa na machozi hakuna aliyejua itahesabiwaje.

Mambo yalikuwa yanaelekea kuwa mazuri. Ndiyo maana Baba mdogo Kaweesa aliingia.

Mnamjua Kaweesa. Ni mdogo wake Kaddu, yule ambaye mrithi anayemtaka ni mwanawe Ssenyonga, na Ssenyonga mchana huu yuko kwa kinyozi akijiandaa kwa kesho. Ni yeye aliyeshapima shamba la ndizi la Kaddu kwa ajili ya kuoshea magari. Ni yeye aliyemshauri mama yake Nakitto atafute chumba mapema, kabla mvua hazijaanza. Leo alikuwa amevaa kanzu na koti, na alikuwa amefungua kabati la Mpigi akakuta nafasi tupu.

"Mlango wa ndugu yangu huu!" alifoka. "Mlango wa ndugu yangu uko hapa Kampala unaangaliwa na watu! Nyumbani wametundika pazia, nyumba inapepea kama saluni!"

Nyuma yake, polepole, aliingia Mzee Lutaaya, mkuu wa ukoo wao. Mzee huyu ujanani alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, na hajawahi kustaafu vizuri. Aliingia ukumbini akitazama kwanza pembe zote nne, kama mtu anayekagua uwanja.

"Na nguo ndiyo hiyo!" Kaweesa alinyoosha kidole. "Shuka! Shuka upige magoti, umsalimu mzee!"

Nakitto hakusogea.

"Mnaona? Mkuu wa ukoo ameingia, mtoto wa kike amesimama wima anamtazama kutoka juu! Nakitto! Magoti!"

"Huyu bwana ni sehemu ya kazi?" Profesa aliuliza.

"Ni mazingira ya kazi," alisema Mulindwa.

"Ana sauti nzuri. Lakini mwambieni anapoteza muda. Sanamu haipigi magoti."

"Wala mrithi," alisema Mzee Lutaaya.

Watu wakageuka. Mzee alikuwa amesogea mpaka mbele ya sanduku, amelivalia miwani lile fundo.

"Fundo hili nalijua. Yayeri, ni lako?"

"Ni langu, mzee," Shangazi alisema, na sasa alikuwa amepiga magoti kwa ajili ya watu wawili.

"Ulisema maneno?"

"Yalitoka."

"Ulipiga magoti kabla sijaingia au baada?"

"Kabla, mzee. Nilimsalimia. Nilimwita kaka."

"Akakufanya nini?"

"Akaniambia niinuke."

"Hata Kaddu alikuwa anasema hivyo hivyo," Mzee alisema, akavua miwani.

Kaweesa alianza kuona jambo linakokwenda, na hakulipenda. "Mzee, hawa walikuwa wanacheza! Hii ni shule!"

"Mimi siulizi kama walikuwa wanacheza. Watu wengi wamefunga mabao wakiwa wanacheza. Naangalia kama mpira umevuka mstari."

"Mrithi hafungwi ugenini! Anafungwa kwenye mlango wa nyumba ya marehemu!"

"Mlango huu wa nani?"

Kaweesa aliutazama mlango. Opio, ambaye huwa hajui wakati wa kunyamaza, alimsaidia. "Amesema mwenyewe sasa hivi, ni mlango wa ndugu yake."

"Nilisikia," alisema Mzee.

"Ukoo haukuwepo!"

"Mimi niko hapa. Wewe uko hapa. Dada yenu huyu hapa, na huyo ndiye mwenye kufunga. Kesho ungemleta nani zaidi, waziri?"

"Hakuna aliyetangaza! Lazima itangazwe mbele ya watu, mrithi wa fulani ni fulani!"

Profesa Gakuru alikuwa hafuatilii. Alikuwa amefika kwenye kikaratasi cha jina la kazi, ambacho Nakitto alikibandika ubavuni mwa sanduku kwa kuwa hakuona mrithi wa Kaddu ila Kaddu mwenyewe, na kama ilivyo desturi ya watahini, alikisoma kwa sauti ili wanafunzi wa nyuma wasikie.

"Mrithi wa Kaddu. Mlango, mkuki, nguo ya gome. Kazi ya Nakitto."

Wanafunzi wakapiga makofi. Hivyo ndivyo walivyofanya katika kila chumba tangu asubuhi, hata kwa kisogo cha Atuhaire.

Mzee Lutaaya alimtazama Kaweesa kwa upole. "Mgeni ametangaza. Na wamepiga makofi."

"Ni mwanamke!" Kaweesa alipasuka. "Mzee! Tangu lini mwanamke akarithi mahali pa mwanamume? Huyo angefungwa kuwa dada wa mrithi, sawa, kila mtu anajua. Kushika mkuki?"

Hapo hata Shangazi aliinamisha kichwa. Mzee Lutaaya alivaa miwani tena, akaivua tena. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekwama.

"Hilo ni zito," alikiri.

"Basi afunguliwe!"

"Lakini kumfungua nako sijawahi kuona. Aliyefungwa na dada wa marehemu sijawahi kuona anafunguliwa. Niende kesho niwaambie watu nimemvua mtu mahali pa Kaddu, halafu nimvalishe mwingine nguo hiyo hiyo ina joto la mwenzake? Wewe mwanao angeikubali?"

"Ataikubali!"

"Ndiyo maana simwamini."

"Samahanini," Profesa alisema. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba hawa si wanafunzi, na hakuona kwamba hilo linabadilisha kitu. "Ninyi mambo yenu endeleeni, mimi nabakiza ukurasa mmoja. Nakumbusha tu kwa faida ya sanamu. Ikisema neno, tumemaliza, na alama hakuna."

Kaweesa alimgeukia. "Umesema ikisema?"

"Neno moja linatosha," alisema Profesa.

Nawaambieni, wasomaji, nimekaa na watu wengi wabaya, na wote wana tabasamu moja. Kaweesa alilitoa. Akapiga magoti mbele ya Mzee Lutaaya, kwa adabu ambayo hakuwa ameonyesha tangu aingie.

"Mzee, nimeshindwa. Nakubali. Mlango ni mlango, fundo ni fundo. Kimebaki kitu kimoja tu. Katika nyumba yetu mrithi huitwa. Huitwa kwa jina la marehemu mara tatu, naye huitikia. Akikaa kimya, hakuna mrithi, nguo inarudi. Si ndivyo?"

Mzee alifikiri. "Ndivyo."

"Basi mwite, mzee. Mwite tu."

Mulindwa aliacha kutafuna. Alikuwa ameelewa, na alivyoelewa yeye ndivyo alivyoelewa Nakitto juu ya sanduku, mkono umekufa ganzi kwenye mkuki.

Akiitikia, amesema. Profesa atafunga kitabu, shahada imekwenda. Akinyamaza, anaipata shahada yake, na Kaweesa anaondoka na nguo. Kesho jioni Ssenyonga aliyenyolewa vizuri anakaa kwenye kiti cha Kaddu, na mama yake Nakitto anatoka nyuma ya pazia na masufuria yake.

"Kaddu!" Mzee Lutaaya aliita, sauti ya uwanjani.

Sanamu ilitazama ukuta.

"Usijibu," Mulindwa alisema bila kufungua midomo. "Mtoto wangu, ukurasa mmoja tu umebaki. Umeona anavyoandika? Umeona? Hajamwandikia mtu hivyo leo."

Na ilikuwa kweli. Profesa alikuwa amejaza karatasi mpaka pembeni. Nakitto aliiona kutoka juu. Aliona pia nafasi ndogo chini ambako alama huandikwa, bado nyeupe, na kalamu inashuka kuielekea.

"Kaddu!"

Shangazi Yayeri hakumwomba, hakumtazama. Alikuwa amefumba macho, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nakitto aliogopa. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Aliogopa kuuza nyanya, aliogopa ukoo, aliogopa jina lenyewe, maana tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa ameliita hivyo, kwa sauti, kana kwamba mwenyewe yuko karibu na anaweza kuja. Alitaka sana mtu aitikie. Angetoa chochote mtu mwingine aitikie.

Mzee alivuta pumzi. Kalamu ya Profesa ikagusa karatasi.

"Kaddu!"

"Naam!"

Msichana akiitwa husema abee. Hata watoto wanajua. Nakitto alisema naam, nzito, ya kifuani, kama alivyokuwa akiisikia ikitoka uani kila mama yake alipoita chakula tayari. Ilimtoka yote. Na chozi lililokuwa limezuiwa tangu mwanzo likashuka hadi kidevuni.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Sanamu imesema," alisema Profesa Gakuru. Alisema taratibu, na kama ni huruma aliificha vizuri. Akapiga mstari juu ya ukurasa mzima, pembe hadi pembe, akafunga kalamu. "Pole, binti. Jengo la pili wangekupa daraja la kwanza." Akahamia pembeni, kwa mamba wa Opio.

Mulindwa aliketi juu ya kiti alichopandia Shangazi. Alitazama karanga zake kama kitu ambacho hakumbuki kukinunua.

Kaweesa hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa ameweka hesabu yake yote kwenye neno moja lisilosemwa, na neno limesemwa.

"Bao," alisema Mzee Lutaaya.

Alinyoosha mkono, na Nakitto, ambaye sasa hakuwa sanamu ya mtu yeyote, akashuka kwenye sanduku. Alitaka kupiga magoti, mzee akamshika kiwiko akamzuia.

"Wewe huwezi tena kunipigia magoti. Zoea." Kisha Mzee akasogea karibu, akashusha sauti kwa mara ya kwanza. "Sasa nikuambie kwa nini nilipanda gari leo badala ya kungoja kesho. Baba yako alikuwa akilaza lori Arua. Unalijua hilo?"

"Najua. Ilikuwa njia yake."

"Hakuwa analala kwenye lori."

Shangazi Yayeri alifumbua macho.

"Mama wa huko tumemzika mwezi uliopita," Mzee aliendelea. "Mimi nilikuwa najua tangu zamani, marehemu aliniambia. Na huyu Kaweesa anajua. Ndiyo maana alikuwa na haraka ya kumvika mwanawe, halafu hao wengine awapandishe basi warudi walikotoka. Mimi nikasema hapana, waje, watakabidhiwa kwa mrithi, awe nani awe. Leo nimewapokea mwenyewe hapa mjini, kabla hajawawahi. Wako hapo nje kwenye gari."

"Akina nani?" aliuliza Nakitto.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni, anapunga mkono.

Waliingia watatu na begi moja. Wa kwanza msichana mkubwa kidogo, wa pili anamshika mwenzake sketi, na wa mwisho kabinti kembamba kenye masikio ya Kaddu yaliyosimama kama yalivyo kwenye kichwa kilicholala chini ya meza ya soda. Walikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Walisimama, hawakusema kitu, wakingoja mtu ageuke awaone.

"Nendeni mkamsalimu baba yenu," Mzee Lutaaya aliwaambia. "Ni yule mwenye nguo ya gome."

Wawili wakubwa walitazamana. Yule mdogo hakutazamana na mtu. Alitembea moja kwa moja katikati ya vipande vya plasta, akapiga magoti mbele ya Nakitto kama alivyofundishwa njia nzima, akainuka, akashika pembe ya nguo.

"Baba," alisema, "leo tunalala wapi?"